Mtu wa Khayega Akifika Lamu

Msafiri atokaye Khayega, aliyezoea magari ya barabara ya Kisumu na Kakamega, akishuka chomboni Lamu atastaajabu: vichochoro ni vyembamba, na mizigo huchukuliwa na punda. Atazame ngome iliyokamilika mwaka 1821 na milango ya nakshi. Kisha, akikaribishwa, aingie ndani. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, kwa kuwa upana wake hufuata urefu wa boriti za mikoko zibebazo dari.

Mwaka 2001 mji huu ulitiwa katika Urithi wa Dunia. Lakini sifa haizuii mvua. Kama nyumba zetu za udongo zidaivyo kukandikwa, kuta zile za matumbawe hudai chokaa. Zikiachwa, maji hupenya na boriti huoza. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.