Gharama ya Joto: Vidonge vya Kuni na Gesi Asilia

Katika nchi zenye majira ya baridi kali, kama vile Austria na Ujerumani, nyumba isiyo na moto haikaliki wakati wa kipupwe. Kila kaya hulazimika kutenga sehemu ya mapato yake kwa ajili ya kupasha nyumba joto. Miongoni mwa fueli zitumikazo ni gesi asilia, ifikayo kwa mabomba, na vidonge vya kuni, viletwavyo kwa lori. Ipi iliyo nafuu? Swali hili halijibiwi kwa kutazama bei peke yake, kwa kuwa gesi hupimwa kwa meta za ujazo, na vidonge huuzwa kwa kilo au tani.

Vidonge ni nini?

Vidonge hutengenezwa kwa unga wa mbao utokao katika viwanda vya kupasulia magogo. Unga hukaushwa, kisha husukumwa kwa nguvu kubwa kupitia matundu membamba ya chuma. Joto la msuguano hulainisha lignini, yaani gundi ya asili iliyomo ndani ya mti, nayo huushikamanisha unga huo. Kidonge huwa na kipenyo cha milimeta 6 au 8.

Faida yake kubwa ni ukavu. Mti uliokatwa karibuni huweza kuwa na maji kiasi cha nusu ya uzito wake, ilhali vidonge vyema vina unyevu usiozidi asilimia 10. Maji yaliyomo katika kuni mbichi ni lazima kwanza yageuke mvuke, na joto lifanyalo kazi hiyo hupotea pamoja na moshi.

Kipimo kimoja

Ili vitu viwili vilinganishwe, sharti vitiwe katika kipimo kimoja. Kipimo kifaacho hapa ni kilowati-saa, ambayo katika ankara ya umeme huitwa uniti. Kilo 1 ya vidonge hutoa uniti 4.8 hivi, meta 1 ya ujazo ya gesi asilia hutoa uniti 10 hivi.

Hata hivyo, si joto lote libakilo nyumbani. Ikiwa tanuri la vidonge lina ufanisi wa asilimia 85, kila kilo humfaa mwenye nyumba kwa uniti 4 tu. Ikiwa tanuri la gesi lina ufanisi wa asilimia 90, kila meta ya ujazo humfaa kwa uniti 9. Kwa hiyo meta 1 ya ujazo ya gesi ni sawa na kilo 2.25 za vidonge. Kanuni yapatikana: bei ya meta ya ujazo ya gesi ikizidi bei ya kilo ya vidonge kwa zaidi ya mara 2.25, vidonge ni nafuu. Ikiwa chini ya hapo, gesi ni nafuu.

Chukuliwe mfano wa nyumba ihitajiyo uniti 12,000 kwa mwaka. Itachoma kilo 3,000 za vidonge, au meta za ujazo 1,333 za gesi. Kilo ya vidonge ikiwa senti 30 za yuro, gharama ni yuro 900. Gesi ikiuzwa senti 60, gharama ni yuro 800. Ikipanda hadi senti 90, ni yuro 1,200.

Yasiyoonekana katika bei

Tanuri la vidonge kwa kawaida ni ghali zaidi kununua. Tani 3 zahitaji ghala la meta za ujazo 5 hivi, lenye kupitisha hewa, kwani vidonge vilivyorundikwa huweza kutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo huua bila kunusika. Majivu nayo hayana budi kuzolewa. Kwa upande wa gesi, mteja hutozwa ada ya kudumu hata asipowasha moto.

Bei nazo hazitulii. Mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, gesi ya Urusi iliyokuwa ikienda Ulaya ilipungua sana na bei ikapaa. Wengi walikimbilia vidonge, navyo vikapanda kwa zaidi ya mara mbili katika Austria na Ujerumani kabla ya kushuka tena. Aliyenunua tanuri kwa kutegemea bei ya mwaka mmoja alijifunza kwa gharama kubwa.

Hesabu ya jikoni

Kanuni hii hufaa pia pasipo na baridi. Kilo 1 ya mkaa ina uniti 8 hivi, lakini jiko la kawaida la bati huipa sufuria kiasi cha moja ya tano tu, yaani uniti 1.6. Kilo 1 ya gesi ya mtungi ina uniti 12.8 hivi, na jiko lake huipa sufuria nusu au zaidi, yaani uniti 6.4. Hivyo kilo 1 ya gesi hufanya kazi ya kilo 4 za mkaa. Mwanafunzi anayejua bei za sokoni kwao anaweza kuikamilisha hesabu hii mwenyewe, na kuipeleka nyumbani.