JE, WAJUA? Viongozi Wakinuniana, Mpaka Hufungwa

JE, WAJUA kwamba Afrika Mashariki ilikaribia kuwa nchi moja? Juni 5, 1963, Nyerere wa Tanganyika, Kenyatta wa Kenya na Obote wa Uganda walitia saini jijini Nairobi azimio la kuunda shirikisho kabla mwaka huo haujaisha. Mwaka ukaisha bila shirikisho.

JE, WAJUA kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 1967 ilikuwa na shirika moja la ndege, moja la reli, moja la bandari na moja la posta? Yote hayo yalitegemea maelewano ya marais watatu.

JE, WAJUA kilichotokea Idi Amin alipopindua serikali ya Uganda, Januari 1971? Nyerere alikataa kuketi naye meza moja. Kikao cha juu cha Jumuiya, cha marais wote watatu, hakikufanyika tena.

JE, WAJUA kwamba Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya hadi 1983? Kituo cha mpakani cha Bologonja, kati ya Serengeti na Maasai Mara, kiliendelea kufungwa kwa watalii kwa miongo mingi zaidi. Nyumbu wanavuka kila mwaka. Mtalii hulazimika kuzunguka.

JE, WAJUA kwamba Jumuiya ilivunjika mwaka huo huo wa 1977, lakini makubaliano ya kugawana mali na madeni yake yalisainiwa Mei 1984? Mpatanishi alikuwa Victor Umbricht, raia wa Uswisi.

JE, WAJUA kwamba si kila kitu kilikufa? Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki, yenye makao Kampala, ilinusurika na ipo mpaka leo.

JE, WAJUA kwamba Mkataba mpya wa Jumuiya, uliosainiwa Arusha Novemba 30, 1999, unakiri kosa la zamani? Utangulizi wake unataja sababu za kuvunjika kwa Jumuiya ya zamani: utashi hafifu wa kisiasa, sekta binafsi na asasi za kiraia kutoshirikishwa vya kutosha, na faida kutogawanywa kwa haki.

JE, WAJUA kwamba hata hivyo mpaka wa Gatuna, kati ya Rwanda na Uganda, ulifungwa Februari 2019 na kufunguliwa tena Januari 31, 2022? Serikali mbili zilikuwa zikishutumiana. Waliokosa soko ni wafanyabiashara wadogo wa pande zote mbili.

JE, WAJUA kwamba wabunge tisa wanaochaguliwa kuiwakilisha kila nchi katika Bunge la Afrika Mashariki huchaguliwa na bunge la nchi yao, si kwa kura yako?

JE, WAJUA kwamba hata hivyo una mlango wako? Ibara ya 30 ya Mkataba inamruhusu mkazi wa nchi mwanachama kuishtaki serikali katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, iwapo imekiuka Mkataba. Muda wa kufungua shauri ni miezi miwili tu. Haki hii ni yetu, na tuitumie kabla mpaka mwingine haujafungwa kwa sababu ya ugomvi wa wakubwa.