Moto wa mbinguni na nyumba ya nkambo

Wamama wapendwa, wengi wenu mliuona. Ilikuwa karibu saa moja na nusu jioni, bukari bado kwenye mbabula, watoto wakicheza nje. Mara lupango yote ikawaka kama mchana. Mpira wa moto ulipita juu ya njia ya reli ukivuta mkia wa kijani, ukakatika vipande, ukazimika. Baadaye ikaja ngurumo, na mbinguni hakukuwa na wingu.

Sombe ilikuwa haijaungua (kwangu iliungua), tayari jina la mtu lilikuwa limetajwa: "Ndege ya walozi imeanguka nyuma ya nyumba ya nkambo." Nkambo huyo ni mjane, anaishi peke yake, na macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni za miaka mingi. Asubuhi, nikienda masomoni, nilikuta vijana wamesimama mlangoni pake. Mmoja alikuwa na jiwe mkononi.

Niliwauliza swali moja: kati ya mwanga na ngurumo, mlihesabu? Sauti inachukua karibu sekunde 3 kwa kila kilomita. Mimi na binti yangu tuliwaingiza watoto wote ndani, tukatoka tena, ndipo ikalia. Tuseme ni dakika 2 tu: hizo ni kilomita 40. Tena dada yangu wa Kamina alinipigia telefone usiku uleule. Huko nako walisema umeanguka nyuma ya nyumba ya jirani! Kijana mmoja akacheka, wengine wakatazama chini.

Kitu hicho kinaitwa kimwondo. Ni jiwe la angani linaloingia katika hewa yetu kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 11 kwa sekunde. Hewa iliyo mbele yake inabanwa, inapata moto mkali, na jiwe linawaka. Mengi yanaisha hukohuko juu. Machache yanafika chini. Tarehe 14 Agosti 1992 mawe mengi yalianguka Mbale, Uganda, mchana kweupe. Kipande kidogo kilipita kwenye majani ya mgomba kikampiga mtoto kichwani, wala hakuumia. Kuna watu huko waliosaga mawe hayo wakidhani ni dawa. Mtoto wako akiokota jiwe jeusi la ajabu, usilisage. Mwambie alilete masomoni tulitazame.

Hata Katanga yetu ina alama yake. Kwenye uwanda wa Kundelungu kuna duara la Luizi, lenye upana wa kilomita 17 hivi. Mwaka 2011 wataalamu walithibitisha kwamba lilichimbwa na jiwe kubwa lililotoka angani, zamani sana, kabla hakujawa na nkambo yeyote wa kusingiziwa.

Siku mbili nkambo hakufungua mlango. Jumamosi, baada ya mkutano, tunampelekea kuni na unga. Mama aliyelitaja jina lake wa kwanza ameahidi kuja nasi.