Sayansi ya Mtumba: Ujue Uzi Kabla ya Kukata Nguo

Mzazi mwenye fedha kidogo aingiapo sokoni kutafuta sare ya mwanawe, aghalabu huangalia mambo matatu: rangi, ukubwa na bei. Akiona sketi nyeupe iliyo imara na ya bei nafuu huinunua, akikusudia kuitia rangi ya buluu nyumbani. Huichovya, huikoroga na kuianika. Kisha huisuuza, na karibu rangi yote ikaondoka na maji. Sketi imebaki na mawaa ya buluu hafifu. Fedha ya sketi imepotea, fedha ya rangi imepotea, na mtoto bado hana sare. Kosa halikuwa katika rangi wala katika mikono ya mzazi. Kosa lilikuwa kutojua sketi ile ilifumwa kwa uzi gani.

Katika Afrika Mashariki nguo zilizokwisha kuvaliwa huingia zikiwa zimefungwa katika marobota, au mabalo kama wasemavyo wafanyabiashara, aghalabu yenye uzito wa kilo 45 hivi kila moja. Neno lenyewe, mtumba, lina maana ya mzigo uliofungwa. Zamani watu walizitania nguo hizo kwa jina la “kafa Ulaya”. Lakini tangu masharti ya biashara ya nje yalipolegezwa katika miaka ya 1980, zimekuwa vazi la kila siku la watu wengi, kuanzia soko la Karume mjini Dar es Salaam hadi Gikomba mjini Nairobi. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuzipunguza hatua kwa hatua ili kuvilinda viwanda vya nguo, na Rwanda ikapandisha ushuru wake mwaka huohuo. Mjadala huo una mahali pake. Jambo linaloelezwa hapa ni jingine: jinsi mwenye shilingi chache anavyoweza kuitumia elimu ya sayansi asipate hasara.

Asili ya nyuzi

Nyuzi za nguo zaweza kugawanywa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni nyuzi zitokanazo na mimea, kama pamba na kitani. Hizi ni selulosi, yaani kitu kilekile kijengacho kuta za seli za mimea. Rayoni nayo ni selulosi, ila hutengenezwa kiwandani kwa kuyeyusha massa ya miti na kuyageuza kuwa nyuzi. Fungu la pili ni nyuzi zitokanazo na wanyama, yaani sufu na hariri, ambazo ni protini. Fungu la tatu ni nyuzi zilizoundwa na wanakemia kutokana na mafuta ya petroli: nailoni, iliyogunduliwa na Wallace Carothers na wenzake huko Marekani mwaka 1935, poliesta, iliyogunduliwa na Whinfield na Dickson huko Uingereza mwaka 1941, na akriliki, ambayo hufanana na sufu kwa macho.

Tofauti kubwa baina ya mafungu haya ni uhusiano wao na maji. Molekuli ya selulosi ina vikundi vingi vya haidroksili, navyo huvuta maji. Katika hewa ya kawaida pamba hubeba unyevu wa asilimia 8 hivi ya uzito wake, na sufu asilimia 16 hivi. Nailoni hubeba asilimia 4, na poliesta haifiki hata asilimia 1. Ndiyo maana shati la poliesta hukauka upesi likianikwa, lakini humfanya mvaaji aone joto, kwa kuwa jasho halinywewi na uzi. Na kwa kuwa rangi za kawaida za nyumbani husafiri ndani ya maji, uzi usiopokea maji haupokei rangi hizo pia.

Kuutambua uzi

Njia ya kwanza ni kusoma kibandiko kilichoshonewa ndani ya nguo. Hata kama maneno yake ni ya lugha ngeni, alama zake zinafahamika katika nchi nyingi: beseni huonyesha kufua, na tarakimu iliyo ndani yake ni kiwango cha juu cha joto la maji, pembetatu iliyokatwa kwa msalaba hukataza dawa ya kung'arishia, nukta zilizo ndani ya pasi huonyesha joto lake, yaani nukta moja nyuzijoto 110, mbili 150, na tatu 200 za Selsiasi.

Kibandiko kikiwa kimekatwa au kufutika, mnunuzi akunje sehemu ya nguo ndani ya ngumi na kuibana kwa muda wa kuhesabu hadi kumi. Pamba, kitani na rayoni hubaki na makunyanzi. Poliesta na sufu hujinyoosha. Jaribio hili halitoshi peke yake, kwani vitambaa vingine vya pamba vimetiwa dawa ya kuzuia makunyanzi, lakini halimgharimu mtu chochote wala halimuudhi muuzaji.

Njia iliyo bora zaidi ni jaribio la moto, nalo hufanywa nyumbani au katika maabara. Nyuzi chache huchomolewa kutoka sehemu ya ndani ya mshono, zikashikwa kwa kibano juu ya sahani yenye mchanga, maji yakiwa karibu, kisha zikasogezwa kwenye mwali mdogo. Pamba huwaka upesi, hutoa harufu ya karatasi iunguayo, na huacha jivu laini la kijivu. Sufu huungua polepole, aghalabu huzimika yenyewe, hunuka kama nywele zilizoungua, na mabaki yake meusi husagika kwa vidole. Poliesta hujikunja kuukimbia moto, huyeyuka na kutoa moshi mweusi, kisha huacha tone gumu lisilovunjika. Nailoni nayo huyeyuka na kuacha tone gumu. Matone hayo yasiguswe kabla ya kupoa, maana hung'ang'ania ngozi na kuichoma vibaya. Pakiwa na harufu ya karatasi pamoja na tone gumu, kitambaa ni mchanganyiko, kama tetroni ishonwayo sare nyingi za shule.

Kuchagua sokoni

Nguo iinuliwe mbele ya mwanga wa jua. Mahali palipochakaa, hasa viwikoni, makalioni na katikati ya miguu ya suruali, mwanga hupenya zaidi. Nguo iliyochakaa sehemu moja yafaa kununuliwa ikiwa sehemu hiyo itakatwa na kutupwa. Iliyochakaa kote haifai hata ikiwa ya bei ya kutupa. Kitambaa chenye mpira kivutwe kisha kiachiwe: kisiporejea mahali pake, nyuzi zake za mpira zimekufa, na hakuna fundi awezaye kuzifufua. Kwapa zichunguzwe pia, kwani jasho huharibu rangi na hudhoofisha hariri. Nguo za ndani zilizotumika zisinunuliwe kabisa. Tanzania imepiga marufuku kuziingiza nchini kwa sababu za afya.

Kusafisha

Chawa na mayai yake hufa katika maji ya nyuzijoto 55 au zaidi, nguo ikikaa humo kwa dakika kumi. Pamba huvumilia joto hilo bila taabu. Sufu haivumilii: kila unywele wake una magamba madogo, na nguo ikisuguliwa katika maji ya moto magamba hayo hushikana, sweta la mtu mzima likawa la mtoto. Nguo ya sufu hufungwa ndani ya mfuko wa plastiki kwa wiki mbili, wadudu wakafa kwa kukosa chakula, kisha hufuliwa kwa maji baridi na sabuni laini. Dawa ya kung'arishia yenye klorini huila sufu na hariri, kwa hiyo isitumike. Rayoni hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake ikilowa, kwa hiyo isikamuliwe kwa kusokotwa. Pamba, kinyume chake, huongezeka nguvu ikiwa majimaji.

Pasi ya mkaa haina kipima joto. Kwa hiyo ni busara kuijaribu kwanza juu ya upindo wa ndani: ikianza kunata, uzi ni wa viwandani, na pasi ingoje ipoe.

Kutia rangi

Sasa yaweza kueleweka sababu ya sketi nyeupe kukataa buluu. Ilikuwa ya poliesta. Viwandani poliesta hutiwa rangi za namna ya pekee, katika vyombo vilivyofungwa vyenye joto la nyuzijoto 130 hivi. Joto hilo haliwezi kupatikana katika sufuria ya wazi, ambamo maji huchemka kwa nyuzijoto 100. Sketi ya pamba ingeipokea buluu vizuri. Zipo rangi, zilizoanza kuuzwa mwaka 1956, ambazo huungana kikemia na selulosi yenyewe: chumvi huisukuma rangi iingie katika uzi, na magadi ya kufulia, yaani sodiamu kaboneti, huiwezesha kushikamana. Mikono ivikwe glavu, na chombo kilichotumika kisipikiwe tena chakula.

Mambo mawili yakumbukwe. Kwanza, rangi mpya huongezwa juu ya ile ya zamani: buluu juu ya manjano hutoa kijani, na nguo nyeusi haiwi nyeupe kwa kutiwa rangi. Pili, nguo nyingi za pamba hushonwa kwa uzi wa poliesta. Kitambaa kitabadilika rangi, lakini mishono itabaki kama ilivyokuwa.

Kukata na kushona

Kitambaa kilichofumwa kina nyuzi za mtande, ziendazo kwa urefu, na za mshindio, zikatizazo. Kikivutwa kufuata mtande hakinyumbuki sana. Kikivutwa kwa mshazari hunyumbuka. Fundi asiyelijali jambo hili hupata gauni lipindalo upande mmoja baada ya kufuliwa mara mbili. Katika shati, mtande kwa kawaida hushuka sambamba na safu ya vifungo, kwa hiyo hiyo ndiyo mistari ya kufuata.

Hesabu ifanywe kabla ya mkasi. Tuseme shati la mwanamume lina mzunguko wa kifua wa sentimita 116, na mtoto ana kifua cha sentimita 60. Gauni lake lahitaji sentimita 60, na 8 za nafasi ya kupumua, na 6 za mishono, yaani mishono miwili yenye pande mbili za sentimita 1.5 kila upande. Jumla ni 74. Zinabaki 42, ambazo zatosha kuongeza marinda au kukata mfuko.

Hapa mtumba una faida juu ya kitambaa kipya. Umefuliwa mara nyingi, na kwa hiyo umekwisha kurudi. Mtu akiunganisha kitenge kipya na shati la mtumba bila kukifua kwanza, kitenge kitarudi baadaye, shati halitarudi, na mshono utajikunja. Kitenge kiloweshwe, kikauke, ndipo kikatwe.

Kazi ya darasa

Wanafunzi wachore mraba wenye pande za sentimita 20 juu ya kipande cha kitenge kipya, na mwingine juu ya kipande cha shati kuukuu la pamba. Vipande vyote vifuliwe kwa maji ya moto, vikaushwe, na pande zipimwe upya kwa kufuata mtande na mshindio. Asilimia ya kurudi ni urefu uliopungua ukigawanywa kwa urefu wa kwanza, kisha kuzidishwa kwa 100. Wanafunzi wakokotoe gauni la urefu wa sentimita 70 lingefupika kiasi gani kwa kila kitambaa. Jibu watakalolipata ndilo tofauti kati ya gauni lifikalo magotini na gauni lililompita mwenyewe kabla hajalivaa mwezi mmoja.