Kuteleza Kwenye Theluji Bila Magoti

Anayeteleza kwa miguu miwili huyapa magoti kazi mbili: kupokea mishtuko ya mteremko, na kuilaza skii ubavu ili ukingo wake wa chuma ukamate theluji na kumgeuza. Aliyepooza kuanzia kiunoni hutumia monoskii, yaani kiti kilichofungwa juu ya skii moja. Mishtuko hupokelewa na shokapu iliyo chini ya kiti, mfano wa ile ya pikipiki. Kukata kona ni kazi ya kiwiliwili: mtu huegemea upande, kiti kikalala naye, na skii ikafuata. Hapo kiti kisipombana barabara, mwili hugeuka na skii ikabaki inakwenda mbele.

Mikononi hushika magongo mafupi yenye viskii kwenye ncha, ya kumsaidia asianguke. Penye tambarare huvuta kamba, kiskii kikasimama wima, naye akajisukuma kwa meno ya chuma yaliyo nyuma ya kiskii hicho. Asiye na nguvu za kutosha kiwiliwilini hukalia kiti cha skii mbili, huku mkufunzi akimfuata nyuma na kamba za kumzuia.

Adui asiyeonekana ni baridi. Mguu usio na hisia unaweza kuganda bila mwenyewe kusikia maumivu, hivyo hufunikwa vizuri na kukaguliwa mara kwa mara.

Magongo hayo ni ya zamani kuliko viti. Yalienea Ujerumani na Austria kupitia askari waliokatwa miguu katika Vita Kuu ya Pili. Michezo ya kwanza ya Paralimpiki ya Majira ya Baridi, iliyofanyika Örnsköldsvik, Sweden, mwaka 1976, ilikuwa ya waliokatwa viungo na wasioona. Wanaoteleza wakiwa wameketi waliingizwa Innsbruck mwaka 1988.

Asiyeona hutanguliwa na mwongozaji anayemwelekeza kwa redio ya kofia. Wa daraja la wasioona kabisa huvaa miwani iliyozibwa, hata anayeona mwanga kidogo asiwazidi wenzake.

Kwa kuwa ulemavu hutofautiana, saa peke yake haitoshi kuamua mshindi. Muda wa kila mmoja huzidishwa kwa namba ya daraja lake: tuseme namba ni 0.80, sekunde 60 huandikwa 48. Aliyetumia sekunde 50 kwa namba 1 ameshindwa.