Ishara na Hadhira Katika Mchoro wa Isenheim

Wanafunzi wengi wa fasihi huzisoma ishara kana kwamba zina kamusi yake: weusi ni mauti, weupe ni usafi, damu ni kafara. Makala haya yanadhamiria kuonyesha, kwa kurejelea mchoro mmoja wa Kikristo, kwamba maana ya ishara haikamiliki pasipo kuizingatia hadhira iliyokusudiwa.

Mchoro wenyewe ni wa Mjerumani Matthias Grünewald, aliouchora kati ya mwaka 1512 na 1516 kwa ajili ya altare ya monasteri ya Mtakatifu Anthony huko Isenheim, katika eneo la Alsace. Leo umehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Unterlinden, mjini Colmar, Ufaransa.

Katika mbao za nje, Kristo ameangikwa msalabani katika giza totoro. Vidole vyake vimekakamaa, midomo imesawijika, na ngozi yenye rangi ya uozo imejaa vidonda na miiba. Upande mmoja Maria, aliyevaa nguo nyeupe, anazirai mikononi mwa mtume Yohana. Upande wa pili Yohana Mbatizaji anamwelekezea Kristo kidole kirefu. Kwa mujibu wa Injili, Mbatizaji alikuwa amekwisha kuuawa wakati huo. Hivyo basi, yupo pale kama ishara wala si shahidi wa tukio. Miguuni pake yupo mwanakondoo ambaye damu yake yatiririkia kikombeni.

Ishara hizi ni bayana kwa kila msomaji wa Biblia. Je, vidonda navyo? Watawa wa Isenheim waliwauguza watu walioshikwa na "moto wa Mtakatifu Anthony", maradhi yaliyotokana na kuvu inayoota kwenye nafaka, yaliyouchoma mwili na kuviozesha viungo. Mtu mwenye siha huenda akauona mchoro huu kuwa wa kutisha. Kwa mgonjwa, hata hivyo, ngozi ile ilikuwa yake mwenyewe, na hofu iligeuka faraja. Isitoshe, mbao zinapofunguliwa, Kristo huonekana akifufuka ndani ya duara la nuru, ngozi yake ikiwa safi, alama za majeraha ya kusulubiwa tu zikisalia.

Kwa hivyo, kabla ya kutamka kwamba toni ya kazi fulani ni ya majonzi, mhakiki hana budi kujiuliza kwanza: kazi hii iliwekwa mbele ya macho ya nani?