Mzee anaposikia sauti bila kusikia maneno

Katika makanisa yetu mengi kuna mzee ambaye zamani alisimama kutoa ushuhuda, lakini sasa anakaa kimya kwenye benchi la nyuma. Ukimwuliza jambo hili, anajibu lile. Watoto wanacheka. Wengine wanasema ana kiburi, akili zimemwisha, au ni mambo ya uchawi. Mara nyingi shida iko masikioni tu.

Ndani kabisa ya sikio kuna chembe hai zenye vinywele vidogo sana. Ndizo zinazopokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye ubongo. Zikifa, hazioti tena. Uzee unazipunguza polepole, na kelele inaharakisha: mashine za kusaga, jenereta, milio ya bunduki na mabomu, hata vipaza sauti vya korali zetu. Dawa fulani pia zinaweza kuziharibu, kama streptomisini ya kifua kikuu. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba zaidi ya mtu 1 kati ya 4 waliopita miaka 60 wana upungufu mkubwa wa kusikia.

Sauti nyembamba hupotea kwanza: sauti za watoto, na herufi kama s, f na t. Ndiyo maana ukiomba saa, mzee anaweza kukuletea taa. Sauti anaisikia, maneno ndiyo yanamchanganya. Kumpigia kelele hakumsaidii, kunamwaibisha.

Katika 2 Samweli 19, Barzilai, mzee wa miaka 80, alimweleza Mfalme Daudi waziwazi kwamba hawezi tena kusikia vizuri waimbaji. Hakuona haya. Naye Daudi hakumdharau: alimbusu na kumbariki.

Sisi tufanye nini?

- Mzee apelekwe kwanza kituo cha afya. Pengine ni nta tu iliyoziba sikio, nayo inatolewa. Msiingize kijiti wala mafuta. Asiyesikia ghafla apelekwe siku hiyohiyo.
- Kifaa cha kusikilia kinasaidia, ingawa ni ghali kwa wengi wetu.
- Mguse begani, simama mbele yake penye mwanga, sema polepole. Asipoelewa, badili maneno.
- Kanisani, wazee wakae mbele, muhubiri asifunike mdomo kwa mikro, na matangazo yasomwe wakati ngoma na vinanda vimenyamaza.
- Katika baraza, mtu mmoja amrudilie mzee yaliyosemwa kabla ya uamuzi.

Mzee asiyesikia anaanza kujitenga, na upweke unamletea huzuni na usahaulifu. Tukimwacha hivyo, tunapoteza hekima na maombi yake. Sheria ya Musa ilikataza kumlaani kiziwi, ambaye hawezi hata kusikia ili ajitetee. Jumapili hii, kabla ya kusema kwamba mzee fulani amebadilika, nenda ukakae karibu naye, umtazame usoni, uongee naye polepole.